Raili na Zamu za Sauna

Kiwanda cha karatasi kilipofungwa, Raili Kemppainen, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta kwenye ghorofa ya pili, alianza kusomea kuandika programu za kompyuta. Alikuwa ameshavuka hamsini. Mitihani yote alifaulu, na nadharia angekueleza huku anakumiminia kahawa. Lakini hakuwa ametengeneza kitu hata kimoja. Akimaliza kozi hii, anajiandikisha nyingine.

Siku moja kwenye kikao cha wakazi, tukigombania zamu za sauna ya jengo, kile chumba cha kuogea mvuke, kama kawaida yetu, akanyoosha mkono.

"Nitatengeneza programu ya zamu."

Mwenyekiti wetu, Pentti, akacheka. "Wewe? Umeshatengeneza ipi?"

"Hakuna."

"Basi mama, rudi darasani. Hii tuwaachie wenyewe."

Raili akasimama, uso umemwiva. "Darasani sirudi. Ijumaa mtaitumia."

Nilimfuata kwake. Alifungua kompyuta, akaukodolea macho ukurasa mtupu. Vidole vikagoma.

"Najua kila kitu," akasema, "ila sijui pa kuanzia. Hebu niambie, wewe ukitaka sauna unafanya nini kwanza?"

"Nachagua saa."

"Haya. Tunaanza na saa."

Ijumaa programu ikafanya kazi vizuri, mpaka jioni. Pentti na mkewe wakakutana mlangoni pa sauna na familia ya Laakso, wote na mataulo yao, kila mmoja akidai zamu ni yake. Pentti akapanda ngazi hadi kwa Raili vilevile na taulo lake, miguu mitupu.

"Si nilisema mimi!"

"Ulisema. Funga mlango, unaniingizia baridi. Ulibonyeza saa ngapi?"

"Zima hiyo takataka, Raili!"

"Sizimi ng'o! Tatizo la watu wawili kubonyeza saa moja kwa pamoja, nimelisoma sura nzima. Leo ndiyo naliona kwa macho, tena limevaa taulo. Kaa hapo unieleze."

Akakaa, akinung'unika, akaeleza. Jumapili hitilafu ilikuwa imekwisha.

Kikao kilichofuata, Pentti alitaka tununue programu ya kampuni. "Nunueni," Raili akajibu, "yangu itabaki palepale." Hakuna aliyenyoosha mkono kumuunga mkono mwenyekiti, hata mkewe.

Sasa Raili anatengeneza ya chumba cha kufulia. Imeharibika tayari mara kadhaa, na kila ikiharibika namsikia kupitia ukuta akiitukana kwa furaha.