Fukusi wa Mkwe

Mume wangu anafuga fukusi. Cheka kwanza, ukimaliza nikuhadithie.

Kazi yake ni kung'oa gugu maji kwenye bwawa la mji. Ni lile lenye ua la zambarau, wapita njia wanasimama kulipiga picha. Ua zuri, tabia mbovu! Mche mmoja unatoa kikonyo pembeni, kikonyo kinaota mche mwingine, na huo nao hausubiri ukue ndipo uzae. Unang'oa upande huu, ukigeuka upande ule umeshafunga. Chini yake maji yanakosa mwanga na hewa, samaki wanakufa, bomba la kuvuta maji linaziba. Likiziba, mji mzima unamlaani mume wangu, na mimi dukani naulizwa kama nimeolewa na mtu au na ukame.

Ndipo idara ya maji ikamfundisha kufuga fukusi. Si wale wa mahindi. Hawa chakula chao ni gugu maji tu. Kazi yao ya polepole, lakini hawaombi likizo. Akapanga mabeseni nyuma ya nyumba, akapanda magugu, akawatia wadudu wake wazaane mpaka watoshe kuachiwa bwawani. Mkuu wa idara akamwambia waziwazi: nikija nikute fukusi, la sivyo naleta mashine ya kuvuna magugu, na wewe na wenzako mtafute kazi nyingine. Basi mume wangu akawa anawaamkia fukusi kabla ya kuniamkia mimi.

Kisha akaja mama yangu, paa lake linatengenezwa. Sasa mume wangu ana heshima, tena imezidi mpaka imekuwa ugonjwa. Akimwona mama, anaangalia viatu. Bafu letu liko huko huko nyuma, karibu na mabeseni, akaogopa asije akamfuma mkwewe na kanga moja ametoka kuoga. Akaacha kabisa kwenda nyuma. "Niangalizie," akaniambia. Haya. Mimi natoka alfajiri kwenda cherehani, narudi nimechoka hoi. Nachungulia: majani yamenawiri, maua yamesimama. Namwambia, "Wanaendelea vizuri." Hivi mtu mwenye fukusi si awaangalie mwenyewe?

Siku mkuu wa idara alipokuja, mume wangu alifunua majani ya beseni la kwanza. Hamna kitu. La pili, hamna. Jasho likaanza kumtoka. Mara mama akatokea mlangoni, uso unang'aa.

"Unawatafuta wale wadudu, mwanangu? Usihangaike, nimeshakuondolea."

Kumbe kila asubuhi alikuwa anawaokota mmoja mmoja kwenye kopo, kisha anamwagilia mabeseni maji yaliyochanganywa na mbolea ya kuku! "Nimehifadhi mahindi maisha yangu yote," akasema. "Fukusi namjua hata akivaa suti."

Mkuu akatikisa kichwa, akaanza kurudi kwenye gari. Nilishindwa kuvumilia.

"Mama! Hao ndio kazi yake! Umewapeleka wapi?"

"Nimewamwaga bwawani, kule kwenye magugu. Kuua ningeuaje, viumbe vya Mungu? Nikasema wakale uchafu huko, waache maua ya mkwe wangu."

Mkuu akasimama. "Bwawani upande gani?"

"Pale penye bomba."

Tulikwenda wote, mama mbele na kopo lake. Karibu na bomba majani yalikuwa yamekwaruzwa kama yamepitishwa kwenye kikwaruzio, na mashina mengine yamekuwa kahawia, yanaanza kuzama. Mkuu akapekua katikati ya mche mmoja. Fukusi huyu hapa, na pua yake ndefu.

"Niandike nani aliyewaachia?" akauliza, daftari mkononi.

Mume wangu akaangalia viatu. "Mama," akasema.

Mkuu akasema mashine isubiri. Mume wangu akakaa chini palepale ukingoni, akacheka mpaka machozi. Mimi nililia kweli, maana njia nzima nilikuwa nawaza tutakula nini.

Mama ndiye aliyenuna. Jioni hakutaka hata chai. "Muda wote huu niko kwako, mkwe, umeshindwa kuniambia neno moja?"

"Ningeanzia wapi, mama?" akauliza mume wangu, macho yakiwa sakafuni.

Asubuhi nikiwa jikoni nikamwona mama ananyanyua kopo la mbolea juu ya beseni, mazoea yana taabu.

"Mama, acha!"

Haikuwa sauti yangu; kikombe kikanidondoka. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, karibu kabisa na bafu, anamtazama mama usoni. Mama akaweka kopo chini, akashika kiuno.

"Kumbe mkwe wangu ana sauti!" akasema. "Haya, njoo unionyeshe namna ya kuwafuga. Nilishawazoea."