Ufa wa Dari la Brasserie

Wiki iliyopita nilishuka katikati ya mji kutafuta zipu za gauni la mteja, nikajikuta nimesimama mbele ya jengo lililokuwa na brasserie, mgahawa wa mtindo wa Kifaransa. Limezungushiwa mabati, linabomolewa. Nikatazama juu, rafiki yangu, utadhani bado nina miaka tisa na Mama yumo ndani.

Mama alikuwa mpishi pale. Nikitoka shule nilikaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, nikimenya vitunguu saumu na kuangalia ukumbi: nguzo nene zilizochongwa majani, vigae vidogo vyeusi na vyeupe, kaunta ndefu ya marumaru, vioo vya rangi vilivyomwaga wekundu kwenye sahani za watu. Patron, ndivyo Mama alivyomwita mwenye mgahawa, aliwaeleza wageni kwamba matajiri wa dhahabu ndio waliolijenga jengo hilo. Mhudumu mzee alinimalizia yaliyobaki: ujanani mwake, enzi za ubaguzi, watu weusi waliingilia uchochoroni, wakapika supu wasiyoruhusiwa kuinywa wakiwa wamekaa ukumbini.

Dari lilikuwa la plasta, limejaa maua, na katikati ya maua palikuwa na ufa. Mama, binti wa mwashi wa Bukavu, aliutazama kila asubuhi kabla ya kuvaa aproni. "Baba alisema nyumba haianguki bila kuaga," aliniambia. Basi nikaogopa kila lori lililopita nje, kila kiti kilichoburutwa.

Alimwambia Patron. "Mama, jengo hili litatuzika sote," akajibu akicheka. Mama akarudi jikoni. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa zimeisha muda. Kazi nyingine angeipata wapi?

Jumamosi moja mchana, ukumbi umejaa, sahani ya supu ilirudishwa jikoni ina chembe nyeupe. Mama alizisugua kwa vidole: plasta. Akazima majiko, akanishika mkono, tukaingia ukumbini.

"Tokeni! Wote tokeni!" Kiingereza kilimtoka kichwani, akawa anapiga kelele kwa Kiswahili.

"Eish, mama, utafukuzwa," mhudumu mzee alinong'ona. Kisha akatazama juu. Akaanza kuwainua wageni vitini, mmoja mmoja, akiwaambia kwa lugha zao.

"Kesho usirudi hapa!" Patron alifoka, lakini mzee alimkokota naye hadi nje.

Tulikuwa tumefika kwenye roboti, yaani taa za barabarani, tuliposikia kishindo cha dari. Vumbi lilitoka mlangoni kama moshi. Hakuna aliyeumia. Patron alimtazama Mama, kisha akaanza kuwahesabu wageni wake. Mgahawa haukufunguliwa tena, na Mama alikaa miezi mingi bila kazi, hadi alipojifunza cherehani akanirithisha mimi.

Vioo vile sasa havipo, wala mhudumu mzee. Harufu ya vitunguu saumu kwenye siagi siisikii tena mtaani pale. Kuna vumbi la saruji tu.

Jioni nilimwambia Mama, nyumbani kwetu Kensington, kwamba wanalibomoa. Akaacha kula.

"Vijana wanaobomoa wamevaa kofia ngumu?"

Nikasema ndiyo. Kusema kweli, sikuwa nimeangalia.