Nilivyomwandika Shangazi "he" kwenye barua ya kivuko

Wakuu, shikamooni mlionizidi, japo sidhani kama mmebaki. Nina miaka tisini na ushee, anayebonyeza simu ni mjukuu wangu hapa Garsen. Umri huu uongo hauna faida tena, kwa hiyo someni kwa amani.

Juzi niliwaona humu mnagombania he, she na they ya mtu mmoja. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Miaka ya hamsini nilikuwa karani wa bwana shauri, mzungu wa serikali. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la sita, maringo yalikuwa ya chuo kikuu.

Shangazi yangu Madina alikuwa anavusha watu mtoni kwa mtumbwi, upande wa Chara. Mumewe alipofariki aliushika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, na hakuna aliyemwuliza kitu.

Kwetu mwenye upondo ndiye mkubwa. Ukipanda unachuchumaa na kunyamaza, uwe mzee wa kijiji, uwe mkwe wake. Mamba hawajui cheo cha mtu.

Basi serikali ikaamuru kila kivuko kiwe na kibali. Asiyenacho, kivuko anapewa mwingine. Shangazi alikuwa na watoto wanne na kivuko ndicho kilichowalisha.

Akaniambia, "Baba, niandikie barua. Usiniaibishe."

Hapo ndipo nilipovurunda. Nikajiambia, mwenye upondo ni mkubwa, na wakubwa wote ninaowasoma ofisini ni he. Kumwita she niliona ni kumvunjia heshima. Nikamwita ferryman, nikaandika: he is strong, he knows the river, he fears nobody.

Nikaisoma, nikajipenda kweli.

Bwana shauri naye akaipenda. Akasema kesho ana baraza ng'ambo, atavuka na huyo bwana amwone.

Tulipofika, Shangazi alikuwa amesimama, kanga kiunoni, upondo mkononi. Mzungu akachungulia nyuma yake.

"Ferryman yuko wapi?"

Nikasema ndiye huyu. Akawa mwekundu. Akasema nimeidanganya serikali, na mwanamke hapewi kibali cha ferryman. Wakuu, niliogopa. Kazi yangu niliiona inaondoka, na kivuko cha Shangazi kinaifuata.

Lakini baraza lilikuwa linamngoja, na mtumbwi ulikuwa mmoja. Akapanda, akasimama wima kama mlingoti wa bendera.

Mto ulikuwa umefura. Tulipofika katikati mtumbwi ukayumba. Shangazi hata hakumtazama.

"Mwambie akae."

Nikaanza, "Sir, if you please..."

"Unambembeleza," Shangazi akasema. "Mwambie akae."

Nikamwambia, "Sit." Nilitamka neno hilo nikiwa nimefumba macho.

Bwana shauri akachuchumaa, kofia mapajani, na hakufungua mdomo mpaka ng'ambo.

Aliposhuka aliniuliza kama abiria wote humtii hivyo. Nikamweleza desturi yetu. Akafikiri kidogo, akatoa kalamu na barua yangu, akakata ferryman, juu yake akaandika "the person who holds the pole", yaani mwenye kushika upondo. Akatia sahihi, barua ikawa ndiyo kibali. He zangu zote hakuzigusa. Sijui alisahau au alichoka.

Shangazi akaniuliza, "Ubishi wote ule ulikuwa wa nini? Uliandika nini humo?"

Nikamsomea kwa Kiswahili: yeye ana nguvu, yeye anaujua mto, yeye hamwogopi mtu.

Akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Sasa hapo uongo uko wapi?"

Kivuko alikaa nacho mpaka watoto wote wanne wakaoa na kuolewa.

Nilichojifunza ni kwamba he na she mnaweza kuzigombania mkiwa nchi kavu. Mkiwa mtoni, mtazameni aliyeshika upondo, na mchuchumae.

Haya, nani mwingine humu aliwahi kuponzwa na Kiingereza chake? Semeni, mjukuu atanisomea.