Mzizi wa Babu Ulipofika Maabara

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo mwili unanisisimka. Nilikuwa kijana, naosha vyombo kwenye maabara moja ya Mwanza walikokuwa wanapima miti ya dawa, na siku hiyo mzizi uliokuwa mezani ulikuwa wa kwetu, wa babu yangu Masanja, mganga wa kijiji cha Lingeka kule Meatu. Nimeikumbuka kwa sababu ya ile sauti uliyoturushia jana kwenye grupu la ukoo, kwamba mizizi ya kwetu imepimwa na imeua saratani, kwa hiyo mama yako aendelee kuinywa, hana haja tena ya ile rufaa ya hospitali Mwanza. Mama yako ni mdogo wangu wa tumbo moja, na uvimbe ule wa kwenye titi lake unaninyima usingizi. Basi nisikilize polepole, hata kama chai yako inapoa.

Mzizi ule niliuleta mwenyewe. Mkubwa wetu pale alikuwa mama mmoja tuliyemwita Mama Kulwa, mwanasayansi, mpole wa maneno lakini mkali wa kazi. Aliposikia babu anawapa watu wenye vimbe, akaniambia nikamwombe. Babu alinichimbia kwa utaratibu wake, upande wa mawio na upande wa machweo, akanifungia kwenye kitambaa. Sikumuuliza anaupikaje. Kwetu, kama ulivyokuta, mjukuu hamuulizi mganga mapishi ya dawa. Anangoja siku aitwe apewe.

Basi ukakaushwa, ukasagwa, ukakamuliwa, ukawekwa kwenye visahani vyenye seli za saratani wanazozikuza pale. Siku ya majibu Mama Kulwa akaniita kwenye darubini. Nikachungulia. Zote zimekufa! Nilipiga yowe mpaka mlinzi akaja mbio. Nilishasikia jina la babu likitajwa redioni, nilishamwona kila mgonjwa wa Meatu kapona.

Mama Kulwa hakucheka. Akachukua kisahani kingine chenye seli zilezile, akadondoshea dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kisha akaniambia nichungulie tena. Nazo zilikuwa zimekufa zote.

"Hii nayo tumpelekee mgonjwa anywe?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

"Kuua seli kwenye kisahani si kazi, kijana. Njoo uone kazi yenyewe."

Akanionyesha kisahani cha mwisho. Humo mlikuwa na seli za figo, nzima kabisa, hazina ugonjwa wowote, nazo zimewekewa mzizi wa babu. Haikubaki hata moja. Dawa ya mzizi ule nimeinywa utotoni kila tumbo liliponiuma!

"Nenda kamuulize babu anaupikaje," akasema. "Mwambie nimekutuma mimi, asije akakuona huna adabu."

Nilimkuta babu zizini. Tukaamkiana, mhola, mhola, nikatoa ujumbe wangu. Akanikodolea macho.

"Mmeutumia bila kuuchemsha? Ng'wizukulu wane, mjukuu wangu, maji ya kwanza tunayamwaga mbali, hata mbuzi asiyaguse! Tunachemsha tena, ndipo mtu anakunywa hayo ya pili."

Nikafurahi upya. Kumbe ni sisi tu tuliokosea mapishi! Nikarudi Mwanza mbio na maelezo, Mama Kulwa akachemsha kama babu anavyochemsha, akapima maji ya pili. Seli za figo zikabaki nzima, zinastawi. Nikataka kupiga yowe tena, ila uso wake ukanizuia. Seli za saratani nazo zilikuwa zinastawi.

Umenielewa lakini? Mzizi ulioua saratani uliua na figo, na maji yasiyodhuru figo hayakuigusa saratani.

Mama Kulwa alikwenda mwenyewe Lingeka kumwambia babu, hakunituma mimi. Alikaa chini, akamweleza kwa Kisukuma, taratibu, kwa heshima. Nilidhani mzee atafoka. Aliuliza tu, "Basi wale niliowapa, wakasema wamepata nafuu, wakarudi majumbani kungoja wapone?" Wengine tuliwazika sisi wenyewe. Babu alilia, mwanangu. Sikuwahi kumwona akilia, hata ng'ombe wake walipokwisha kwa ukame, na mimi nilitoka nje maana sikujua nitazame wapi.

Toka hapo tumbo na kikohozi aliendelea kutibu, lakini mwenye uvimbe akifika alimwambia, "Anzia hospitali. Ukitoka huko njoo tuongee." Na Mama Kulwa hakuutupa mzizi. Aliendelea kutafuta ndani yake ni kitu gani hasa kinachoua, na kama kinaweza kutenganishwa kisimdhuru mtu. Kazi hiyo inakula umri wa mtu, tena mara nyingi haizai kitu.

Kwa hiyo sidharau miti yetu, usije ukanisingizia. Nasema hivi: ukisikia dawa imeua saratani maabara, uliza imeua na nini kingine. Uliza kama kuna watu wameshapewa, wakapimwa na madaktari, wakaonekana wamepona. Wakikwambia bado, basi ni bado. Na hicho anachokunywa mama yako sasa, mwambieni daktari waziwazi, hatawachapa.

Nimempigia simu leo asubuhi. Amegoma kusafiri. Anasema atakwenda Mwanza siku utakayomwambia wewe, kwa sababu wewe ndiye msomi wake na ni wewe uliyemwambia mizizi inatosha. Kwa hiyo inuka sasa hivi, usitume sauti, nenda ukakae karibu naye umwambie kwa mdomo wako kwamba ulikosea, aende Mwanza.

Mungu akupe ujasiri wa kulitamka neno hilo, mwanangu, na amjalie mama yako aishi akugombeze mpaka na wewe uote mvi.