Lebo ya Mawese na Kadi ya Muda

Juzi dukani Ujiji nilimkuta mama mmoja akibishana na mwenye duka. Mama huyo huuza mawese na lebo anazichapa mwenyewe nyumbani. Chupa zake zilikaa dirishani wiki mbili tu, lebo zikapauka, jina halisomeki.

"Zichukue, mama. Mteja atajuaje kama si ya kuchakachuliwa?"

"Na wino nilinunua wa bei mbaya!" mama aling'aka.

Nyuma yetu mkimbizi kutoka Burundi, aliyefuata chumvi, akafungua fundo la kitenge chake na kutoa kadi ya mgao. Ilifunikwa selotepu pande zote, hakuna herufi iliyofifia.

"Wino si neno, dada. Uache ukauke, ubandike selotepu mpaka ipite kingo, na usiweke juani."

Mwenye duka akaisoma kwa sauti: "Makazi ya muda." Akauliza, "Ya lini hii?"

Mkimbizi akamwelekezea kidevu binti yake aliyesimama kando, aliyekwisha kumpita kimo. "Nilipewa nikiwa na mimba yake."

Mama wa mawese akanunua selotepu mbili.

Karani aliyeandika "ya muda" nadhani ameshastaafu. Mwandiko wake bado unasomeka vizuri kabisa.