Fimbo za Mlangoni

Hoteli yetu pale Katesh ilijulikana kwa supu, lakini wafugaji waliipendea fimbo. Mama mwenye hoteli aliianzisha akiwa na sufuria moja na mabenchi mawili, na tangu siku hizo mhudumu alipokea fimbo ya mteja kwa mikono miwili, akaiegemeza nyuma ya mlango, kisha akamrudishia anapoondoka bila kumwuliza ni ipi. Siku za mnada fimbo zilijaa hadi mlango haufunguki vizuri. Nilipokuwa mhudumu mimi, nilizijua zote, na niliringa nazo, siwezi kukataa.

Tulipopata mkoa wetu wa Manyara, mji ukachangamka. Mtoto wa mama, ambaye sasa ndiye aliyesimamia hoteli, akaleta vitambaa vya meza na maua ya plastiki. Siku moja ya mnada akaniambia, "Leo wageni wa mkoa wanakula hapa. Hizo fimbo zitoe mlangoni, zinatutia aibu."

Ningeweza kwenda kumwambia mama. Badala yake nilizibeba zote nikazisimamisha uani, karibu na kuni, nikarudi mbio kuwaangalia wageni na mashati yao yaliyonyooshwa.

Walipoondoka, nikaenda kuchukua fimbo ya mzee mmoja wa Mogitu aliyekuwa anamalizia supu yake. Haikuwepo. Mpishi alikuwa anachochea moto, na kichwa cha fimbo, chenye ile pete ya shaba niliyozoea kuifuta kwa khanga yangu, kilikuwa kimechomoza jikoni. Upande wa pili ulishakuwa mkaa.

Fimbo ile aliachiwa na baba yake, alinieleza mwenyewe siku ya kwanza aliponikabidhi. Na kwa mzee kama yule, kupita mnadani bila fimbo ni kama kuvuliwa nguo mbele za watu.

Nikamwongezea supu. Akashukuru. Nikamletea chai, akanywa. Nikaleta nyingine, ikamwagikia kitambaa kipya. Mtoto wa mama akaninong'oneza, "Mpe yoyote, macho yake yenyewe hayaoni vizuri." Nilimchukia pale pale, na nikajichukia zaidi, kwa sababu wazo hilo lilishanijia.

"Binti yangu," mzee akasema, "chai imetosha. Ng'ombe wananisubiri. Nipe fimbo."

"Shikamoo, mzee," nikasema, ingawa nilishamwamkia asubuhi. "Imeungua. Niliiweka vibaya, ni mimi."

Wafugaji wenzake wakasimama. Yeye hakupaza sauti.

"Sasa nitatokaje hapa mikono mitupu?"

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Mama alikaa humo tangu miguu ianze kumsumbua, na alikuwa amesikia kila kitu. Akaja polepole akitegemea fimbo yake mwenyewe, mkono mwingine ukishika meza moja baada ya nyingine. Alipomfikia mzee, akaiachia meza, akamkabidhi fimbo ile kwa mikono miwili, kama alivyotufundisha.

Mzee akamtazama miguu. "Na wewe?"

"Mimi niko nyumbani."

Akaipokea, akatoka bila kuniangalia.

Mama akayumba. Nikamkimbilia, akanishika bega, na uzito wake wote ukaniangukia. "Twende," akasema.

Hakunifukuza kazi. Wala hakutafuta fimbo nyingine hadi alipofariki. Kila asubuhi aliniita, akaweka mkono wake begani kwangu, akatembea.