Popo wa Chumba cha Masta

Nimefanya udalali wa nyumba na viwanja hapa Katoro kwa miaka kumi, na watu wakiniuliza ugumu wa kazi hii uko wapi, hutegemea niseme migogoro ya mipaka au wateja wasumbufu. Mimi nasema harufu. Nimewahi kuonyesha nyumba ambayo mpangaji wa mwisho alikuwa anafuga bata bafuni. Nyingine, mpangaji alihama akaacha sufuria ya dagaa jikoni, akafunga mlango na kuondoka na ufunguo, tukaja kuvunja kitasa baada ya wiki tatu. Siku zote hizo nilirudi nyumbani, nikanawa, nikala. Nyumba iliyoninyima kula ilikuwa moja, na si kwa ajili ya harufu peke yake.

Ilikuwa ya mnunuzi wa dhahabu, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye kibanda na mizani ndogo ambapo wachimbaji humletea walichopata. Aliijenga haraka, msimu ambao mambo yalimnyookea. Nguzo nne mbele kama mahakama. Simba wawili wa saruji getini. Bati jekundu la msauzi, la kisasa, vioo vya bluu, na ndani dari ya jipsamu ya ngazi tatu yenye taa zinazobadilisha rangi, ambazo aliniwashia moja baada ya nyingine kana kwamba mimi ndiye mnunuzi. Bafu la chumba cha masta lilikuwa na mabomba ya rangi ya dhahabu. Alinieleza kwamba anaiuza kwa sababu anahamia Mwanza, mke wake amegoma kuishi Katoro. Sikuuliza amegoma kwa nini.

Aliponipa funguo alinipa na makopo mawili ya marashi ya kupulizia.

"Kabla mteja hajaingia, fungua madirisha nusu saa," alisema. "Halafu pulizia. Kuna harufu ya rangi."

Rangi ile ilikuwa imepauka tayari.

Nilipokwenda peke yangu mara ya kwanza na kufungua mlango wa chumba cha masta, nilisimama kizingitini nikaziba pua. Ulikuwa mkojo wa muda mrefu, uliopikwa kila mchana na bati la juu. Nikasikia makucha yakitembea juu ya dari, taratibu, halafu vilio vidogo kama vya vifaranga. Nimekulia katika nyumba ya mwalimu, na nyumba za walimu zote nilizopata kuishi zilikuwa na popo. Nilijua ni nini palepale. Pembeni mwa dari palikuwa na alama ya kahawia, pana kama sinia.

Nikafungua madirisha. Nikapulizia. Chumba kikanuka kama mtu aliyejipaka manukato ya waridi bila kuoga tangu Pasaka.

Naandika hivi bila kujisafisha. Niliifanya kazi ile ya kopo wiki baada ya wiki. Mteja wa kwanza, mfanyabiashara wa nguo, alipiga chafya mara sita akaondoka. Wa pili, dereva wa lori, aliniuliza kama kuna panya amekufa. Nikasema labda. Akaniangalia usoni, akacheka, akaenda zake.

Halafu wakaja wazee wawili kutoka Samuye. Binti yao anafundisha shule ya jirani na Katoro na alikuwa amejifungua mapacha, basi wakaamua kuuza sehemu ya ng'ombe na kununua nyumba karibu na wajukuu. Mzee alikuwa mfugaji, mrefu, na fimbo yake haikutoka mkononi. Mama alikuwa muuguzi mstaafu wa zahanati, mfupi, mwenye macho ya kukagua. Niliwapokea stendi.

"Shikamooni."

"Marahaba, mayu," mzee akaitikia, akiniita mama kwa heshima ya Kisukuma, kana kwamba mimi ndiye mkubwa kwake. Mama akanikabidhi kikapu kidogo cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, alivyovifunga kwenye kitambaa safi. "Hatuwezi kumsumbua mtu mikono mitupu," alisema.

Nikapokea. Asubuhi ile nilikuwa nimeshapita kwenye nyumba nikamaliza kopo la pili.

Sebuleni hawakusema sana. Mzee aliwatazama simba kupitia dirishani, akauliza wanalinda nini. Jikoni mama alifungua makabati yote na kunusa ndani. Tulipoingia chumba cha masta alisimama katikati, akageuza kichwa kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Mwanangu," alisema, "hii harufu ni ya nini?"

"Rangi, mama. Ni rangi mpya."

Mzee alikuwa ameinua macho. "Na hilo doa?"

"Mvua ya mwaka jana, baba. Bati limeshazibwa. Ila tazameni chini, vigae hivi ni vya kutoka nje, si vya..."

Mfugaji hununua kwa mkono. Hata ng'ombe, yeye humgonga mbavu kwanza. Mzee aliinua fimbo akaligonga lile doa, mara moja, bila nguvu. Jipsamu ilikuwa imelowa mkojo wa miaka, ikawa laini kama ugali wa jana. Ikapasuka.

Kilichoshuka kilishuka kama pumba kutoka kwenye gunia lililochanika. Vinyesi vyeusi, vidogo kama punje za mchele, vikavu kwa juu na vibichi kwa ndani, na vumbi lake, na vipande vya jipsamu, na popo hai waliokuwa wamelala, na watoto wao wasio na manyoya waliobaki wakijinyonganyonga juu ya vigae vya kutoka nje. Mama alikuwa amesimama chini ya doa. Alifunikwa kuanzia kilemba hadi viatu. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na mdomo wangu ulikuwa wazi kwa sababu nilikuwa bado nasifia vigae.

Ladha yake ni ya chumvi. Sitasema zaidi.

Nilidhani mama angepiga kelele. Hakupiga. Alifumba macho na mdomo, akanishika mkono kwa nguvu ya muuguzi, akanisukuma kuelekea mlangoni. Nje, alitema kwanza, ndipo akasema: "Tema. Usimeze mate. Tema tena. Maji yako wapi?"

Nikakimbilia bafuni nikafungua bomba la dhahabu. Likatoa pumzi. La jikoni nalo likatoa pumzi. Nyumba nzima, na nguzo zake nne, haikuwa imeunganishwa maji.

Nikatoka getini mbio na ndoo. Jirani wa upande wa pili wa barabara, mama anayekaanga maandazi mbele ya nyumba yake, alinitazama kichwani, akatazama kifua changu, akageuza maandazi yake.

"Dari imeanguka?" aliuliza.

"Naomba maji, dada."

Akanichotea huku akizungumza bila haraka. "Mkewe alitoka hivyohivyo. Mtoto mgongoni anakohoa. Walimlaza mtoto wiki mbili; mama yake aliporudi akakataa kuingia ndani, vyombo vyake nilimtolea mimi." Akanikabidhi ndoo. "Na wewe nakuona kila wiki unaingia na makopo yako. Nikasema, haya, huyu naye ana watoto wa kusomesha."

Nilibeba maji yale kama mtu aliyekamatwa sokoni.

Mama alikaa juu ya tofali uani. Nilimwoshea kichwa kwa mikono yangu, kidogo kidogo, na punje zilikuwa zimeingia hadi kwenye mizizi ya nywele zake nyeupe. Mzee alikuwa akitembea kutoka ukuta hadi ukuta, akimwomba mkewe msamaha kwa kuligonga doa. Mimi ndiye niliyepaswa kuomba. Nilipommwagia maji ya tatu, mama alisema bila kufumbua macho:

"Uliponiambia rangi, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Maji yalikuwa yanatiririka meusi kuelekea getini. "Wale mapacha wangelala chumba kile," alisema. "Wana miezi miwili."

Nikasema, "Nisamehe, mama." Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Alisema niendelee upande wa nyuma ya masikio.

Nilipowapakia kwenye bajaji nikampigia mwenye nyumba. Nilimweleza yote, hata habari ya mdomo wangu. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Vigae vimechafuka?" La pili halikuwa swali. "Mwite fundi abandike kipande, apige rangi. Keshokutwa kuna mtu anatoka Kahama."

"Mtoto wako alilazwa kwa ajili ya chumba kile," nikamwambia.

"Nani kakuambia mambo ya familia yangu?"

Nikafunga nyumba, nikaenda kumrudishia funguo kibandani kwake, hivyohivyo na nguo zinazonuka. Alikuwa anapima dhahabu ya wachimbaji wawili, macho kwenye mizani, hakuyainua. Niliziweka funguo mezani.

"Umeokoka?" aliuliza.

"Hapana. Nimekula mavi ya popo."

Wachimbaji wakaangua kicheko. Yeye akapuliza vumbi la dhahabu kidogo, akasema, "Kwani umekufa?"

Nimekutana na matapeli wengi katika kazi hii, na wengine nimekunywa nao soda. Yule kijana alinichefua kuliko kile kilichonidondokea, kwa sababu popo hawakujua kama kuna mtu chini. Lakini njiani kurudi nyumbani nilikumbuka kopo la asubuhi, na kikapu cha michembe nilichokipokea kwa mikono miwili, nikaona sina haki ya kumchukia peke yake. Nilioga mara tatu. Nikasugua meno mpaka fizi zikatoa damu. Wanangu walikuwa wamepika wali, na nilipoona punje moja iliyoungua, nyeusi, nikakimbilia nje. Kwa zaidi ya mwezi sikugusa wali. Michembe niliila, nikiichemsha kidogo kidogo kila asubuhi, maana kuitupa kungekuwa tusi la pili.

Siku ya nne simu ikaita. Alikuwa yule mama. Nilijiandaa kutukanwa.

"Hujaharisha?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Homa? Kifua?"

"Hapana."

"Vizuri. Tutafutie nyumba isiyo na dari."

Nilikaa chini. "Mama, madalali wako wengi Katoro. Kwa nini mimi?"

"Wengine hawajaonja," alisema.

Niliwatafutia kwa wiki mbili, na sijawahi kutafuta vile. Nyumba nne nilizikataa mwenyewe kabla hawajaziona, na wenye nyumba wakaniona nimechanganyikiwa. Hatimaye nikapata moja upande wa barabara ya Ushirombo: tofali za kuchoma, vyumba vitatu, ukitazama juu unaona mbao na bati, choo nje, kisima kwa jirani. Mama alinitaka niingie kila chumba kabla yake. Alinitaka nipande ngazi nimulike tochi kwenye pembe zote za paa, huku yeye akiwa chini anauliza, "Na kule? Na nyuma ya boriti?" Akanituma shimo la choo. Mzee alizigonga kuta zote kwa fimbo, na kila alipogonga mimi nilirudi nyuma hatua moja. Wakaichukua. Mapacha hupelekwa pale kila siku mama yao anapokwenda kufundisha.

Ile ya nguzo nne dalali mwingine aliipata. Kipande kikabandikwa, rangi ikapigwa, ikauzwa kwa mchimbaji kijana aliyekuwa ametoka kupata mzigo wake wa kwanza mkubwa. Nilisikia siku anayohamia, nikaenda. Nilimkuta getini anashusha makochi.

"Kaka, juu ya chumba cha masta kuna popo," nilimwambia. "Wengi. Mtoto wa mwenye nyumba alilazwa."

Akacheka, akanishika bega. "Mama, mimi nimelala shimoni wiki nzima, panya wanapita usoni. Popo wako juu, mimi niko chini. Tutagombea nini?"

Lakini mkewe alikuwa amesikia. Alikuwa binti mdogo, mjamzito, ameshika feni mkononi. Aliniuliza habari yote, nikamwambia yote, hata sehemu yangu. Akaiweka feni chini, akakaa kwenye kochi moja hapo hapo barabarani, akasema haingii. Mumewe alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Binti akaagiza maandazi kwa jirani na kula akiwa juu ya kochi lake. Kufikia jioni mume alikuwa amekwenda kuwatafuta mafundi.

Waliing'oa dari yote, ngazi zote tatu. Mtaa ulinuka kwa wiki, watu wakapita wamejifunga kanga puani, na yule mnunuzi wa dhahabu alinitumia ujumbe kwamba namharibia jina. Yalitoka magunia kumi na moja ya kinyesi. Mafundi walitaka kuyatupa mtaroni, lakini mama mmoja mwenye bustani ya mchicha bondeni akayaomba, akayabeba kwa mkokoteni, safari nne.

Mchicha wake msimu ule ulistawi ajabu, majani mapana kama viganja, na sokoni watu walikuwa wanaugombania. Alinifungia fungu moja kubwa la bure, kwa kuwa alisikia mimi ndiye niliyesababisha. Nilimshukuru sana. Nikampa wa kwanza niliyekutana naye njiani.